Beldina Navalayo Shivachi, Balozi wa Ngoma za Iguhu (1956–2025)

Mwalimu Beldina Navalayo Shivachi alizaliwa tarehe 14 Machi 1956 karibu na soko la Matete, mtoto wa tatu kati ya watoto wanane wa marehemu Reuben Indeche na marehemu Rasoa Nasambu. Baba yetu alikamua ng'ombe kwenye shamba la Mzungu huko Lugari, na Mzungu alipofunga virago, baba akapata kipande cha kulima mahindi palepale alipokuwa akikamua. Ninayewasomea haya ni Hezekiah, ninayemfuata marehemu kwa kuzaliwa. Familia ilinipa kazi hii ikidai kwamba machozi yangu hayako karibu. Ngoja tuone.

Tangu utotoni mikono ya dada yangu haikujua kutulia. Kila debe la maziwa pale nyumbani lilikuwa na mabonde, kwa sababu Beldina alilipindua na kulipiga kuanzia jua linapochomoza mpaka mama amfukuze kwa mwiko. Kuna siku kiwanda kilikataa maziwa ya baba kwa sababu ya hali ya madebe. Baba hakumchapa. Alimwambia mama, "Huyu angezaliwa na mkono wa tatu, tungehama sisi tumwachie boma."

Alisoma shule ya msingi huko Matete kuanzia mwaka wa 1964 hadi 1970, halafu shule ya wasichana ya bweni upande wa Webuye hadi 1974. Kwa mwaka mmoja alifundisha bila cheti, na mwaka wa 1976 akaingia Chuo cha Walimu cha Eregi, ambako alihitimu mwishoni mwa 1977. Alikuwa akiongoza kwaya ya chuo. Siku moja fundi seremala aliyeitwa kutengeneza madawati alipigilia misumari wakati wa mazoezi, na Beldina akatoka nje kumwambia kwamba kama lazima apige nyundo, basi apige kwa mpigo wa wimbo. Fundi akatii. Fundi huyo ni Mathew Shivachi, ambaye ameketi hapa mbele na koti lake jeusi, na hadi leo akipiga msumari anaupiga kwa mpigo.

Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 1978 hapa Iguhu. Wengi wenu mnajua kilichotokea siku hiyo, lakini vijana hawajui, kwa hiyo nitarudia. Isukuti, ngoma yetu ya jadi, ilikuwa imekolea, wanaume na ngoma zao tatu: ile kubwa inayoitwa baba, ya kati inayoitwa mama, na ile ndogo, mtoto. Akina mama wanacheza na kuimba. Bibi arusi akainuka kwenye kiti chake cha heshima na shela kichwani, akaenda kusimama karibu na aliyepiga ile kubwa, yaani Bramwel, ndugu yake Mathew.

"Shemeji," Bramwel akamwambia, "bibi arusi anachezanga. Hapiganga."

"Sijakuja kupiga," Beldina akajibu. "Nimekuja kusikia kama unakosea."

Hapo ndipo urafiki wao ulipoanza, kama mzozo wa maisha mazima unaweza kuitwa urafiki. Mwalimu alimuuliza Bramwel swali moja kwenye kila harusi na kila Krismasi: inakuwaje ngoma inaitwa mama na mama haruhusiwi kuishika? Bramwel alijibu kwamba ndivyo walivyoikuta. Kisha walikula pamoja.

Mungu aliwajalia watoto watatu. Mwalimu alifundisha katika shule za msingi za Ikolomani kuanzia 1978 hadi alipostaafu mwaka wa 2016, na hakuna shule aliyopita bila kuacha kwaya. Watu walidhani amestaafu ili apumzike. Mwaka huohuo alianzisha Kikundi cha Ngoma na Masomo cha Iguhu, wasichana na wavulana, na kwa kuwa wazee hawakutaka kuona wasichana wakishika ngoma hadharani, alikuwa akiwafundisha kwenye stoo ya shule, kati ya magunia ya mahindi, mlango umefungwa. Ukipita nje ungedhani kuna panya wakubwa wenye akili.

Mwaka wa 2018 alisikia redioni kwamba Ubalozi wa Korea Kusini unatoa ruzuku ndogo kwa vikundi vya utamaduni na elimu, ili watu wa nchi hizi mbili wajuane. Nilimuuliza kwa nini Korea. Alisema amesikia nao wana ngoma. Bi Chepng'etich, aliyekuwa akishughulikia maombi hayo pale ubalozini na ambaye leo ametoka Nairobi kutufariji, ananiambia vikundi vingi viliandika vinachokosa. Beldina aliandika alicho nacho. Aliwaambia, "Tuleteeni walimu wenu wa ngoma tuwafundishe. Wakichoka kujifunza, nao watufundishe." Bi Chepng'etich alisoma maneno hayo kwa wenzake, wakacheka, na ruzuku ikatoka.

Wageni walikuja Agosti 2019, walimu na wanafunzi wa shule moja ya Korea, wakakaa wiki mbili katika nyumba zetu. Tuliwapa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, wakala wakamaliza, wakatuonyesha vijiti vyao vya kulia. Mathew alijaribu kukamata paja la kuku kwa vijiti hivyo mpaka kuku akapoa. Tuligundua pia kwamba Wakorea wanachanganya l na r kama sisi, na kuanzia saa hiyo hatukuwahesabu tena kuwa wageni.

Lakini kulikuwa na sharti. Makubaliano yalisema siku ya maonyesho wasichana na wavulana watapiga ngoma sawasawa. Wazee walitikisa vichwa kukubali, kwa sababu mgeni hakataliwi jambo mlangoni, kisha wakajipanga. Wasichana wangesimama mbele na ngoma shingoni, waziguseguse tu. Wanaume wangekaa nyuma ya migomba na ngoma zao, wapige hasa. Kiongozi wa mpango huo alikuwa Bramwel, na hapa simchongei, yeye mwenyewe husimulia akinywa chai.

Maonyesho yakaanza. Migomba ikanguruma. Mwalimu mmoja wa Kikorea, mama wa makamo, akavua viatu, akamwendea msichana wa kwanza, Mitchel, aliyekuwa na miaka kumi na mmoja. Akaweka kiganja kwenye ngozi ya ngoma yake, akaikuta imetulia. Akatabasamu. Kisha akatembea polepole hadi nyuma ya migomba, akawainamia wanaume wote kwa heshima, akaketi chini katikati yao kuwatazama. Wanaume wa Iguhu hawajui kupiga ngoma huku mama wa watu ameketi mavumbini. Wakaacha, mmoja mmoja.

Ngoma haikunyamaza. Kule mbele Mitchel alikuwa ameidaka, akiipiga hasa, na wenzake wakafuata, yote waliyojifunza kwenye stoo. Dada yangu alisimama pembeni akijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba. Wageni waliingia na ngoma zao zilizobanwa katikati kama kibuyu, na kilichofuata hakuna aliyekipanga. Akina mama walicheza mpaka leso zikaanguka.

Bramwel alimtafuta dada yangu jioni hiyo. Alikuwa muungwana, alikubali wasichana wanajua. "Kwa wageni, sawa," akasema. "Lakini matanga, hapana. Ngoma ya matanga inabebanga mtu, Shemeji. Msichana hawezi beba hiyo uzito."

Neno hilo lilimkaa Mwalimu moyoni.

Novemba 2023, kwa ruzuku ya pili pamoja na mchango wa shule rafiki ya kule, alisafiri hadi Korea na wanafunzi sita. Alipanda ndege mara ya kwanza akiwa na miaka sitini na saba na akawaambia wahudumu wafunge mikanda. Wasichana walipiga isukuti mbele ya ukumbi uliojaa, na wazee wa huko waliinuka kwenye viti wakacheza. Alirudi na kabichi yao iliyochachushwa kwa pilipili, akamletea Bramwel, ambaye alionja na kutangaza kwamba sukuma hiyo iliharibikia njiani. Tulicheka wiki nzima. Sikumbuki kumwona dada yangu akiwa na furaha kuliko mwezi ule.

Mwezi wa Januari uliofuata akafariki mzee Shitanda, aliyechonga ngoma zote za kikundi. Wasichana walikuja mazishini wamebeba zile ngoma alizowachongea kwa mikono yake, wakitaka kumuaga. Wazee waliwazuia langoni. Hakukuwa na ugomvi. Mwalimu alikaa nje na wasichana wake, wakaimba bila ngoma mpaka mzee aliposhushwa kaburini, ndipo akaingia kumpa mjane pole na kusaidia kuosha vyombo. Akiwa kwenye karai la sahani alisema jambo ambalo mimi mwenyewe nililisikia: "Hezekiah, tumefika Korea, lakini kwa Shitanda hatujafika." Mathew anasema usiku ule alilia, na si mwanamke wa kulia.

Bado aliendelea na mazoezi kila Jumamosi. Aliwaambia wasichana kwamba ubalozi mgumu ni ule wa kwenda kwa jirani, kwa sababu jirani anakujua.

Machi mwaka huu wa 2025 alianza kukosa pumzi na kuvimba miguu. Alitibiwa katika hospitali ya Iguhu, kisha Kakamega mjini, ambako Emily, kifungua mimba wake, alimpokea nyumbani kwake Shieywe na kumtunza vizuri sana. Daktari alisema moyo umechoka. Mwalimu akamjibu kwamba moyo haujachoka, kilichochoka ni masikio, kwa kusikia mashine isiyo na mpigo. Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomvumilia.

Agosti Bi Chepng'etich alimtembelea na habari: ile shule rafiki sasa ina darasa la isukuti, na wanaolifundisha ni wasichana wa huko waliojifunza kwa Mitchel safari ile. Dada yangu aliomba arudiwe habari hiyo, na akaomba tena. Halafu akanituma nimwite Bramwel.

Bramwel alikuja na ndizi, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bramwel, nikienda usinipigie ngoma kama wasichana wangu hawatapiga. Mnizike kimya."

"Mwalimu hazikwanga kimya, Shemeji."

"Basi kazi ni yako," akasema, na akaomba amenyewe ndizi.

Alilala usingizi wa mwisho Jumatano, tarehe 8 Oktoba 2025, alfajiri, Mathew akiwa amemshika mkono wa kulia na Emily wa kushoto. Nadhani ilibidi washike yote miwili.

Ameacha mumewe, Mathew Shivachi. Ameacha watoto: Emily na mumewe Weldon Kibiwott wa Shieywe, Isaiah na mkewe Moraa wa Eldoret, na Nasambu aliye Matete katika shamba la babu yake. Ameacha wajukuu saba ambao wote wanapiga meza. Ameacha ndugu na dada wanne, nikiwemo mimi. Ameacha shemeji yake Bramwel, na wanafunzi ambao siwezi kuwahesabu, baadhi yao wakiwa na jina refu la shule ya Kikorea kwenye fulana zao hapa leo.

Sasa niwaambie kwa nini boma hili limekuwa kimya tangu maiti ilipofika jana, maana nimewasikia mkinong'ona kuwa familia imeingia dini ya kuchukia ngoma. Tulikuwa tunamtii. Wazee wameketi wiki nzima. Wengine walisema tumzike na ngoma za wanaume, marehemu hatajua. Mathew akasema ameishi naye miaka hiyo yote na hajawahi kuona kitu ambacho hakukijua. Wengine wakasema basi tumzike kimya, ndivyo alivyotaka. Bramwel hakusema neno siku zote hizo, na mimi nilikuwa nimeshakata tamaa, sitawaficha. Niliona tunakwenda kumzika dada yangu kama mtu asiyekuwa na kwao.

Leo alfajiri, kabla ninyi hamjafika, Bramwel alikuja na ile ngoma kubwa begani. Aliwaita wazee, akamwita Mitchel, ambaye sasa ana miaka kumi na saba, akamwambia apige mpigo wa matanga. Mitchel alipiga tangu mwanzo hadi mwisho, macho chini. Wazee wakamgeukia Bramwel wakingoja aseme alipokosea.

"Hajakosea," Bramwel akasema. "Nilisema hawezi beba uzito. Nimekuja na hii ngoma kutoka kwangu mpaka hapa, nikasikia mimi ndiye siwezi. Huyu Shemeji amenishinda uzito. Hawa watoto wanisaidie."

Wazee wakaitikia kwa vichwa, na safari hii hawakwenda kujipanga.

Familia ilitaka wasifu huu umalizike kwa maombi, nami nimewaomba maombi yangoje, mchungaji ameniruhusu. Machozi yangu pia yameamua hayako mbali kama mlivyodhani, kwa hiyo nafupisha. Mitchel, njoo na wenzako. Bramwel atakuvisha mkanda wa ile ngoma kubwa, baba. Wewe wa pili, shika mama. Twendeni naye kaburini, mbele ngoma, nyuma sisi, na yeyote atakayetembea bila kucheza atakuwa hakumjua.

Apumzike kwa amani dada yangu Beldina, ngoma zikishamfikisha.