Historia ya Mdogo Wangu, Mchora Mitambo

Wafiwa wenzangu, majirani, na nyinyi mliotoka kazini moja kwa moja mkaja na viatu vya vumbi, poleni na karibuni. Mimi ndiye dada mkubwa wa marehemu, nimesoma mpaka darasa la saba basi, lakini historia hii nimeiandika mwenyewe, kwa sababu ile waliyoniletea vijana ilimsifu mpaka nikadhani tumekuja kumzika mtu mwingine.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1966, katika chumba cha nyuma cha nyumba yetu karibu na karakana ya reli, akiwa mtoto wa tano na wa mwisho wa baba aliyekuwa fundi bomba na mama aliyekuwa akishona mapazia, na tangu utotoni alikuwa mbishi wa kimyakimya, ukimwambia chai ina moto hakujibu kitu, alitia kidole. Nyumbani tulimwita Kitinda, na jina hilo halikumtoka hata alipoota mvi.

Shule ya msingi aliianza mwaka 1973, sekondari akaimaliza 1983, kisha akaenda chuo cha ufundi kusomea umeme, akahitimu mwaka 1987, baada ya kurudia mwaka mmoja kwa kubishana na mwalimu kuhusu saketi, na mwalimu ndiye aliyekuwa sahihi. Nalisema hili kwa kuwa tangu juzi kuna watu hapa wanasema marehemu hakuwahi kukosea.

Alianza kazi mwaka 1988 kwenye karakana ya friji na viyoyozi, mwaka 1997 akahamia kampuni inayotunza majengo makubwa, na huko ndiko alikokabidhiwa kompyuta akaambiwa achore mitambo. Wengi mmeniuliza alikuwa anachora nini, maana mlimjua kama fundi umeme, basi nieleze kama alivyonieleza mimi, mara nyingi, bila kuombwa. Jengo kubwa lina mitambo iliyojificha, ya kupoza hewa juu ya paa, pampu za maji chini kabisa, mabomba na feni ndani ya kuta, na hakuna anayeweza kushinda akizunguka kuitazama yote, kwa hiyo huchorwa kwenye kioo cha kompyuta, pampu hii, bomba lile, kisha kila kipande cha mchoro hufungwa na taarifa inayotoka kwenye mtambo wenyewe, hata joto la maji likipanda, namba iliyo kando ya bomba nayo inapanda, na feni ikizunguka huko juu, ya kwenye kioo nayo inazunguka. Huo ndio waliouita mchoro hai, na uhai wake ndio uliotusumbua familia nzima.

Jengo la kwanza alilochora, mwaka 2000, lilikuwa na ghorofa kumi na mbili, na humo alifanya kosa ambalo wenzake walioketi pale nyuma wanalijua vizuri, kwa sababu wote wamewahi kulifanya, yaani feni ya kwenye mchoro aliifunga na amri ya kuwasha badala ya kuifunga na kipimo cha upepo wenyewe. Maana yake ni kwamba kompyuta ikishaamuru feni iwake, picha inazunguka, feni yenyewe iwe imetii au haikutii. Mkanda wa feni ulipokatika, watu wa ghorofa za juu walilowa jasho karibu wiki nzima, wakipiga simu chini kulalamika, na mlinzi aliyekuwa akitazama kioo akiwajibu kwa upole, "Mama, feni inazunguka, naiona hapa," mpaka mama mmoja mnene wa ofisi ya bima akashuka ngazi zote, viatu mkononi, akamwambia, "Basi nipishe, nikae mbele ya hiyo yako."

Tangu hapo marehemu hakuamini mchoro wowote, hata wake mwenyewe. Akawa anapanda juu ya paa, anashika kipande cha karatasi mbele ya feni aone kama kinapepea, huku mtu mwingine amekaa chini mbele ya kioo, anampigia simu kuuliza, "Kwako inazunguka?" kisha anaizima na kuuliza tena, kwa kila feni na kila pampu, na wenzake wakambandika jina la Bwana Thibitisha, wakilitamka kwa heshima akiwepo na kwa hasira akiondoka, maana kazi ya siku mbili ikiingia mikononi mwake ilikula wiki.

Katika jengo hilohilo, aliyekuwa akiketi chini kumjibu ni dada wa mapokezi, ambaye siku moja alichoka akamwambia kwenye simu, "Inazunguka, kaka, na kichwa changu pia kinazunguka, shuka ule." Akashuka. Walifunga ndoa tarehe 22 Septemba 2001, bwana harusi akiwa na miaka thelathini na mitano, sisi tumeshakata tamaa na mama ameshawagawia watu mapazia aliyokuwa amemwekea. Walijaliwa watoto wawili, binti aliyezaliwa mwaka 2002, ambaye ni mshonaji, na mwana aliyezaliwa mwaka 2006, ambaye yuko chuoni.

Mwezi Aprili 2018, alipokwenda kupimwa macho, marehemu aligundulika kuwa na shinikizo la damu, akapewa vidonge vya kila siku na tarehe za kliniki, na hapa ndipo hasira yangu inapoanzia, wala sitaificha kwa kuwa yeye amelala. Mimi nilikuwa nimeshafiwa na mume, naishi chumba cha uani kwake, na kila asubuhi nilimuuliza, "Kitinda, umemeza?" naye akajibu, "Nimemeza, dada," mpaka wifi yangu alipokung'uta mkoba wake wa bisibisi akakuta vidonge vya mwezi mzima, havijaguswa. Nilimweka kitako nikamwambia, "Daktari ameamuru, wewe umejibu imewaka, na ndani hakuna kinachozunguka, tofauti yako na yule mlinzi ni ipi?" Alicheka sana, akasema nimeielewa kazi yake kuliko meneja, akameza kidonge mbele yangu, na kesho yake akanunua mkoba wenye kufuli.

Mwishoni mwa mwaka 2023 miguu ilianza kuvimba, daktari akasema figo zimechoka, ahudhurie kliniki kila mwezi bila kukosa. Wakati huo kampuni ilikuwa ikimalizia jengo jipya la ofisi, siku ya ufunguzi imeshapangwa, nusu ya mitambo haijaunganishwa, na meneja wake, ambaye yupo hapa na namshukuru kwa kuja, alitaka mchoro upendeze. Mara pampu iwe ya kijani, mara kijani hicho kimezidi ukali, mara nembo ya kampuni iwekwe kwenye kona na yenyewe izunguke, na mwisho kabisa marehemu akaagizwa azungushe feni zote kwenye kioo siku hiyo, zilizounganishwa na zisizounganishwa, kwa kuwa wageni hawatapanda juu kutazama. Hakukataa kwa maneno, hakuwa mtu wa maneno, alichofanya ni kuamua kuziunganisha zote kweli kabla siku haijafika, na kliniki ya Februari ikapita, ya Machi ikapita, ya Aprili nikavaa viatu nimpeleke mwenyewe, nikakuta ameshatokea mlango wa nyuma, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, anamkimbia dada yake kama anayekwepa kuogeshwa.

Ufunguzi ulifanyika tarehe 17 Mei 2024. Feni zote zilizunguka, za juu na za kwenye kioo, na mgeni rasmi alikitazama kioo hicho kwa muda wa kutoa miwani mfukoni na kuirudisha, akauliza choo kiko wapi.

Jumatatu iliyofuata marehemu alishindwa kupanda ngazi tatu za barazani kwake, akalazwa, akaanza kusafishwa damu kwa mashine, akapata nguvu ya kuniambia kwamba ile mashine ina mchoro uliotulia, nikamwambia afunge mdomo apumzike, na alfajiri ya tarehe 2 Juni 2024 akafariki, mkewe akiwa amemshika mkono.

Meneja ameniomba niseme kwamba marehemu aliyatoa maisha yake kwa ajili ya kazi. Sitasema, na si kwa ubaya, ila maneno hayo yakitamkwa msibani vijana huyaona mazuri. Hakuyatoa maisha yake, aliahirisha kliniki.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya figo, na zaidi yao muuguzi wa kliniki aliyempigia simu kila alipokosa, akadanganywa kwa adabu zote na bado akapiga tena. Tunawashukuru majirani kwa viti na masufuria, tutayarudisha, yote, wafanyakazi wenzake waliopokezana zamu wodini bila kutumwa na mtu, na meneja kwa gari lililomleta marehemu hapa.

Jana muuguzi huyo alipokuja kutupa pole alikuja na kipimo chake cha presha, akatupima wafiwa wote, ya wifi ikawa nzuri, ya kwangu nzuri kuliko ninavyostahili, na ya binti wa marehemu ikawa juu, akamkalisha kitambo akampima tena, ikawa kulekule. Ameambiwa afike kliniki Jumatatu, naye akanijibu, bila hata kuinua macho, "Nitakwenda, shangazi, nikimaliza oda ya sare za shule." Basi nawatangazia wote mliompa vitambaa kwamba Jumatatu hatashona, cherehani nimeipeleka kwa jirani ambaye sitamtaja, na anayemtaka binti huyu atatukuta kwenye benchi la kliniki, yeye na mimi, na nitakuwa nimekaa upande wa mlangoni.

Pumzika, Kitinda, mdogo wangu, pumzika kwa amani. Huyu niachie mimi.