Bomba la Bafuni

Kwenye basi, mshona nguo aliketi kando ya fundi umeme aliyepakata paneli ya sola kama mtoto mgonjwa.

"Kaka, hata mimi naitaka hiyo. Bili ya umeme itanitoa roho. Nazima kila kitu, mita bado inakimbia kama inafukuzwa."

Fundi akacheka. "Sola haitatibu hilo, dada. Huo umeme unavuja mahali. Hakuna kitu kinachokupiga shoti?"

"Bomba la bafuni tu, kidogo. Mama hulishikilia, anasema linamtulizia baridi yabisi."

Kicheko kikamfia fundi mdomoni. "Mama yuko wapi sasa?"

"Saa hizi huwa anaoga," alisema, vidole vikitafuta namba.

Basi likasimama. Hakikuwa kituo chake, lakini alishuka, simu sikioni ikiita tu. Fundi akamfuata mbio, paneli akaiacha kitini.