Hadithi Isiyosimuliwa kwa Waliokaa

Benchi la nje ya kibanda cha kinyozi lina miguu minne, na asubuhi ile ya Jumamosi ndiyo miguu pekee iliyokuwa kazini. Ukiniondoa mimi, walikaa watatu: Kinyozi mwenyewe, anayesubiri wateja kwa kukalia nafasi yao, Rejea, karani mstaafu ambaye hata salamu huijibu kama barua, na Breki, dereva wa basi la shule. Kahawa ilikuwa ya wote, ila habari ilikuwa ya Breki. Presha yake imepanda. Daktari kampa mwezi mmoja aishushe kwa mazoezi, la sivyo hatatia saini cheti cha leseni. Zimebaki siku kumi na moja.

— Jimu nimekwenda, alisema Breki. Wakanipandisha kwenye mashine ya kukimbilia. Dakika ishirini nakimbia, ukuta uleule! Mimi dereva, bwana. Nikiondoka, lazima nifike.

— Wahenga walishasema, mwenda pole hajikwai, Kinyozi alimfariji. Na asiyekwenda kabisa, hajikwai kabisa.

— Fomu ya daktari, ya mazoezi ya kila siku, umeijaza? aliuliza Rejea.

— Mpaka mwisho wa mwezi. Nimeijaza jana, nimekaa.

— Na presha inasemaje?

— Haijaisoma.

Rejea alitikisa kichwa.

— Mazoezi yanataka sababu. Ofisini kwetu hakunenepa mtu. Muhuri ghorofa ya nne, wino ghorofa ya kwanza, na mwenye ufunguo katoka kidogo.

— Mimi ningemtafutia mbwa, alisema Kinyozi. Afundishwe kufukuza bila kuuma.

— Akisahau masharti?

— Hapo ndipo mbio zinanoga!

Breki hakucheka.

— Chekeni tu. Kinyozi, dada yako ana miaka sitini na sita. Anawezaje kutembea kila asubuhi?

— Yule mkunga mwache, Kinyozi alijibu, na sauti yake ikaingiwa na heshima. Walianza wanawake watatu, sasa wako kumi na tisa. Wanazunguka mtaa mara mbili, yeye anasimulia aliyoyaona miaka arobaini ya kuzalisha. Majina hataji. Sharti moja tu: akisimama mtu, hadithi inasimama.

— Nani mwenyekiti? Rejea aliuliza.

— Hakuna.

— Katiba?

— Hakuna.

Rejea aliweka kikombe chini. Alitumikia wakuu kumi na mmoja, na jambo kama hilo hakuwahi kulipokea hata kwa nakala.

— Mke wangu yumo, alisema Breki. Magoti yalikuwa yanamliza kwa ngazi tatu. Siku hizi jua halijatoka keshavaa raba, anaimba! Nikimwuliza jana Mkunga kasimulia nini, ananiambia, “Mume wangu, ya njiani huliwa njiani.”

— Si ujiunge nao? aliuliza Rejea.

— Nifuatane na wanawake kumi na tisa? Mtaa utasemaje?

— Mtaa ndio sisi, alisema Kinyozi. Na sisi tumekaa.

Ndipo tukasikia viatu. Wakatokea wamebanana kama wabeba siri moja, kwa mwendo wa watu waliochelewa raha. Mkunga alikuwa katikati, kajifunga kitambaa kiunoni, anasema kwa sauti ya chini ili asibaki mtu nyuma.

— ...mama salama, mtoto analia, nesi naye analia. Baba haonekani. Tukamtafuta chumba kwa chumba. Kumbe mwenzenu, muda wote ule, yuko juu ya...

Wakakata kona.

Mteja aliyekuwa ndiyo kwanza anafika, hata hajakaa, alitugeukia.

— Juu ya nini?

Kinyozi akainuka nusu. Rejea akasahau kahawa. Nikajikuta nami nimeinua shingo kuelekea konani, ambako Breki alikuwa keshafika, kandambili mkononi.

— Dada Mkunga! Rudia hapo!

— Harudiwi mtu, shemeji! Kaza mwendo!

Kicheko cha wanawake kikasikika, kisha sauti ile ya chini ikaendelea kwa mbali, na Rejea akainama kufunga kamba za viatu.