Pilau Haichagui Gauni

Mama zangu na dada zangu, shikamooni. Mnisamehe mwandiko wangu na herufi nilizokosea. Niliishia darasa la saba na naandika taratibu. Kuimba naweza, ila nikisimama kuongea mbele ya watu ulimi unakuwa mzito. Ndiyo maana nimemwomba katibu wa kikundi chenu cha kina mama awasomee.

Mnaujua wimbo wangu wa singeli, ule wa sare. Niliutunga baada ya kuinuliwa mkekani kwenye harusi, hapa hapa Temeke, kwa sababu sikuvaa kitambaa walichoshona wenzangu. Nikaimba, "Mkeka una nafasi, pilau haichagui gauni." Fundi wa studio ya mtaani akanirekodi. Wiki haikuisha, kila bodaboda inaupiga.

Ndugu zangu, nawaambia, furaha ile haikukaa. Wengi walisema nimewatukana kina mama. "Sare ndiyo heshima ya shughuli! Huyu mtoto anatuvunjia." Wangenisema mie tu ningevumilia. Lakini mama yangu ni mpishi wa shughuli, mnamjua, na watu wakaacha kumwita. Akipita sokoni anarushiwa maneno: "Mama Pilau Haichagui, mwambie mwanao akupe kazi studio!" Mama hakunigombeza hata siku moja. Aliyafunika masufuria yake makubwa kwa gunia, basi. Mie nikaapa siimbi tena.

Ikaja harusi ya jirani. Mama mwenye shughuli ndiye aliyekuwa mbele kuukataa wimbo wangu. Mama yangu aliitwa, si kupika, kuosha vyombo. Nikaenda kumsaidia. Tukiwa uani tukamsikia binti wa mapokezi akimwambia mgeni aliyetoka Lindi, "Shangazi, huna sare, kaa kule nyuma."

Mgeni akacheka. "Nyuma ya nani? Mie na mwenye shughuli tumbo moja! Nyie watu wa mjini mnashangaza. Si wenu huo wimbo, pilau haichagui gauni? Kwetu tunaucheza mpaka kanga zinadondoka!"

Mkeka mzima ukageuka kumtazama. Mwenye shughuli akatoka mbio, akamkuta dada yake amesimama na begi lake mkononi. Akavua mtandio wake wa sare, akamfunga dada yake kiunoni. Halafu akaja uani mwenyewe.

"We mtoto, acha sufuria. Njoo uimbe."

"Na dera hili lililojaa majivu, mama?"

"Si umesema haichagui?"

Niliimba mikono ina povu. Waliovaa sare na wasiovaa waliinuka pamoja, vigelegele mpaka barabarani. Nilipomaliza, nikamwona mwenye shughuli amemshika mama yangu mkono: "Shoga, arobaini ya mjukuu wangu aliyezaliwa juzi unapika wewe." Leo masufuria yale hayapati muda wa kupoa.

Namshukuru mgeni wa Lindi, namshukuru fundi aliyenirekodi, na nyie mlioamua kwamba kwenye shughuli zetu sare ni hiari. Nilichojifunza ni hiki: neno la kweli likikuletea ugomvi, usikimbilie kulimeza. Lipe muda, litambishia hodi aliyelikataa.

Sasa natunga wimbo wa pili. Kama na wewe uliwahi kuinuliwa mkekani, au uliwahi kumwinua mwenzio, niandikie kikaratasi umpe mama. Hata kama unanipinga, andika. Nitasoma taratibu, nitajibu, na jina lako sitaliimba.