Refugio Cota Armenta, Aliyeingia Mchezo Umeshaanza

Refugio Cota Armenta, mwana wa Saturnino Cota aliyeyasimamisha kwa breki ya mkono mabehewa saba ya ngano yaliyokuwa yakiteremkia stesheni bila kichwa cha treni, mjukuu wa Crescencio Cota aliyelaza reli za kwanza za Estación Cardona, mji wetu huu, yeye mwenyewe mshika breki wa treni za mizigo na mrushaji wa kumalizia wa timu yetu ya besiboli, Washika Breki, kwa misimu kumi na minne, alizaliwa Jumatatu tarehe 4 Julai 1938, katika nyumba za reli, mlango wa tatu. Ilikuwa sikukuu ya Mama Maria wa Makimbilio, ndiyo maana akaitwa Refugio.

Alisoma shule ya msingi ya reli hadi darasa la sita. Kengele ya shule ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa uani. Asubuhi kiligongwa kwa nyundo na Fausto Encinas, kiranja, mtoto wa mkuu wa stesheni. Jioni mwalimu alikuwa akisema, "Refugio, tufungie shule," naye akiwa amekaa palepale kwenye dawati lake alirusha jiwe kupitia dirishani na kukipiga. Hakukosa hata siku moja. Hata hivyo, alipofika nyumbani alimlalamikia mama yake, "Kengele ya Fausto inasikika mpaka sokoni. Ya kwangu watoto wanaikimbia."

Marehemu alikuwa na wivu. Mkewe Eduviges amesema neno hili lisomwe, maana kila aliyeketi hapa analijua, na kulipita kimya ni kusema uongo mbele ya jeneza. Hakuwa na wivu wa mali wala wa vyeo. Alimwonea wivu mtu mmoja, Bwana Fausto Encinas, ambaye yuko hapa, benchi la pili.

Mwaka 1955 aliajiriwa reli, na mwaka 1959 Washika Breki wakamsajili pamoja na Fausto siku moja. Fausto alipewa kazi ya kuanza mchezo. Refugio alipewa kazi ya kukaa uani, kando ya uwanja, akipasha mkono, aitwe mwenzake akichoka. Mipira aliyorusha pale uani hakuna aliyeihesabu. Jioni nyingine alirusha sitini, akavaa koti lake, akarudi nyumbani bila kuitwa. Kwa sheria, aliyeanza vizuri ndiye aliyeandikiwa ushindi, na miaka ile aliyemalizia hakuandikiwa kitu.

Ndoa yake nayo ilikuwa na habari yake. Eduviges Buelna alicheza dansi na Fausto mwaka mzima wa 1960, na mji wote ukasema hao wawili ni wachumba tayari. Mwaka uliofuata Fausto alikwenda kucheza Texas, akaahidi kuandika. Barua zililetwa na treni ya mchanganyiko, ya abiria na mizigo, na mshika breki wa treni hiyo alikuwa Refugio. Barua ya kwanza aliileta mwenyewe mpaka mlangoni, akampa Eduviges mkononi, akarudi stesheni. Ya pili vilevile. Mara ya tatu alikuja amenyoa ndevu, mikono mitupu.

"Leo hakuna barua?" Eduviges akamuuliza.

"Leo nimejileta mwenyewe."

"Stempu iko wapi?"

"Nilikuja juu ya mabehewa, dada. Sikulipa nauli."

Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Novemba 1963, katika kanisa hili. Usiku wa harusi alimuuliza mkewe, aliyemwita Vije kwa kifupi, swali ambalo aliliuliza kwa miaka hamsini na miwili: "Vije, na kama ile barua ya tatu ingekuja?" Eduviges hakumjibu. Alikasirika kuulizwa, na mwanamke wa ukoo wa Buelna akishakasirika hatoi maelezo.

Jumapili tarehe 23 Januari 1966 Washika Breki walicheza fainali hapa nyumbani. Fausto, aliyekuwa amesharudi kutoka Texas, alirusha duru nane kama mfalme. Duru ya tisa, ya mwisho, tukiongoza mbili kwa moja, mkono ukamwishia nguvu. Vituo vyote vitatu vikajaa wapinzani, na hata mmoja hajatolewa. Meneja akaashiria uani. Refugio alitembea mpaka katikati ya uwanja, na Fausto alikuwa bado ameukumbatia mpira.

"Lete."

"Usiniharibie, Refugio. Duru nane hizi."

"Nenda kaoge, bwana."

Fausto akaenda kuoga. Ndivyo alivyokuwa, akitolewa hakai kutazama. Mpigaji wa kwanza alitolewa kwa mipira minne, ile ya Refugio iliyokuja kwa kasi kisha ikafa njiani kama behewa lililoshikwa breki. Wa pili aliupiga mpira wa tano chini, na watu wawili wakatolewa kwa pigo hilo moja. Watatu wametoka, mchezo ukaisha. Refugio akautia mpira mfukoni.

Asubuhi gazeti la bandarini liliandika: Encinas Atwaa Ubingwa. Picha ilikuwa ya Fausto, nywele zingali na maji, zimepakwa mafuta na kuchanwa. Refugio, aliyekuwa na vumbi mpaka kwenye kope, hakuwemo. Alilitazama gazeti, akamtazama mkewe aliyekuwa akisukuma chapati za ngano, akasema, "Hata nyumbani kwangu niliingia mchezo umeshaanza." Eduviges alimrushia donge la unga. Alilidaka.

Kila tarehe 23 Januari Fausto alikuja kuuomba ule mpira.

"Ushindi ni wangu, Refugio. Umeandikwa."

"Basi nenda ukalale na gazeti. Mpira ni wangu."

Shemeji, majirani, hata padri, wote walijaribu kumshawishi autoe. Aliuweka chini ya mto wa kitanda, na mkewe anakiri kwamba miaka mingine yeye mwenyewe aliuonea wivu mpira huo.

Marehemu aliacha besiboli mwaka 1973 na kustaafu reli mwaka 1993. Tangu mwaka 2013 alisumbuliwa na figo, na macho yake yakapofuka. Mara tatu kwa wiki alipaswa kwenda Guaymas kusafishwa damu, na aliyempeleka, miaka mitatu, mvua na jua, ni Fausto kwa gari lake bovu. Napo hapo marehemu aliona wivu. "Ana miaka themanini na anaona barabara," alisema. "Mimi sijui hata kama mlango umefungwa." Njia nzima walibishana juu ya duru ya tisa, na wauguzi waliwajua kwa kelele kabla hawajawaona.

Alhamisi tarehe 10 Machi mwaka huu wa 2016 alikataa kupelekwa. Alikunywa kahawa vijiko viwili, akamwita mkewe karibu.

"Vije, mke wangu. Leo nijibu. Kama ile ya tatu ingekuja?"

Eduviges aliinuka akaenda jikoni, akatoa kwenye kopo la unga kitu kilichofungwa kwa kitambaa. Ilikuwa barua ya pili ya Fausto, stempu ya Texas ya mwaka 1961. Alimshikisha ncha zake zote nne kwa vidole, apapase gundi. Haikuwahi kufunguliwa.

Marehemu aliigeuza barua, akaipapasa tena.

"Mbona hukuniambia?"

"Kila mwaka uliuliza ya tatu. Ya pili hukuniuliza."

"Basi kwa nini hukuifungua?"

"Nilikuwa namtazama aliyeileta akirudi stesheni."

Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka binti yake Amparo akaja mbio akidhani ndiyo saa yake. "Niache," alimwambia, "mama yako ameniandikia ushindi." Alifariki kesho yake, Ijumaa tarehe 11 Machi, saa kumi na moja alfajiri, treni ya mizigo ikipita, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha mjane, Eduviges Buelna, watoto watatu, Amparo, Zulema na Saturnino, wajukuu saba, dada yake Ramona, na Bwana Fausto Encinas, ambaye marehemu hakusema ahesabiwe wapi, basi tumemhesabu hapa. Mungu aupokee mkono wake uliochoka, nao upumzike penye amani, bila kungoja kuitwa.

Barua ile imo katika mfuko wa koti alilovaa, bado imefungwa. Mpira umekabidhiwa asubuhi hii kwa Bwana Fausto, na pamoja nao agizo ambalo marehemu alimpa mkewe jioni ile ya Alhamisi, lisomwe kama alivyolisema:

"Mwambie Fausto asiondoke. Wengine wote waanze, yeye abaki mpaka mwisho, na koleo la mwisho la udongo ni lake. Mara hii afunge yeye. Kuoga ataoga baadaye."