Pazia la Manjano

Sikilizeni, wanangu, na mketi chini, maana mkisimama hivyo mnaniziba mwanga, na leo mwanga nauhitaji kuliko dawa. Nimewaita saa nne ya asubuhi kwa sababu hiyo ndiyo saa niliyofanyia kazi miaka arobaini na mitatu, jua likiwa limeshapanda lakini halijaingia kwenye dirisha hili, na mtu mwenye jiwe mkononi anaweza kusema kweli. Msiniambie nitapona. Daktari ana mshahara wa kusema hivyo, nyinyi hamna. Wewe mwanangu mkubwa, weka simu mfukoni. Wewe binti yangu, kaa karibu na dirisha, kazi yako inakuja. Na wewe kitindamimba, kama ni kulia, lia baadaye, maana pumzi niliyobaki nayo ni ndogo na sitaki kushindana na kilio. Mlango uacheni wazi. Kuna mtu nimemwita, na kuja au kutokuja ni haki yake.

Nianze na mepesi. Nyumba hii ni yenu watatu, msiiuze kabla hamjakaa ndani yake wote kwa wakati mmoja angalau wiki nzima bila kununiana, na mkiweza hilo mtaona hamtaki tena kuiuza. Kile chumba cha nyuma kisiguswe, nitasema ni cha nani. Meza ya kazi, lenzi, vibano na mizani ndogo ni vya binti yangu, na asiniletee mtu maneno kwamba mtoto wa kike harithi meza, kwa sababu nyinyi wawili wa kiume mkishika kibano mnakishika kama mnatoa mwiba. Chukua pia mashati yangu meupe, binti yangu. Mtaani walidhani ni maringo. Ni kazi. Ukivaa shati jekundu ukaketi kutazama almasi, almasi nayo inavaa shati lako.

Watakuja kukuuliza almasi ina nini hata watu waikodolee macho hivyo. Waambie haina kitu, na huo ndio uzuri wake. Rubi ina wekundu wake, zumaridi ina kijani chake, lakini almasi njema haina rangi yake, inapokea mwanga na kuurudisha wote bila kubakiza, na ndiyo maana bibi harusi akivaa pete kwa mara ya kwanza, hata awe mpole vipi, mkono wake huenda dirishani wenyewe. Nimewaona wengi. Bwana harusi anatokwa jasho, shangazi anauliza uzito, naye bibi harusi hasikii, anageuza kidole tu. Uzito, mwanangu, ni kwa ajili ya majirani. Usafi ni jambo jema, lakini kidoa kisichoonekana bila lenzi hakijamnyima mtu usingizi. Mkato ndio roho ya jiwe: likikatwa vibaya linavujisha mwanga kwa chini kama ndoo iliyotoboka, na hata liwe kubwa kama punje ya harage litakaa kidoleni limenuna. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, kwa hiyo ukimwona muuzaji analizungusha sana jiwe chini ya taa, mwambie alitulize.

Rangi ndiyo iliyonipa jina. Waliniita Jicho. Tajiri wa duka alikuwa akiniletea mawe hapa hapa, chumba hiki, kila moja ndani ya karatasi yake iliyokunjwa, nami nalilaza kifudifudi juu ya karatasi nyeupe, natazama ubavuni, naandika: jeupe, jeupe kidogo, lina manjano. Nikishaandika hakuna aliyebisha. Mafundi wa mtaa mzima walikuwa wakisema, kama Jicho amesema, funga mjadala. Mlisoma kwa maneno hayo, mkavaa viatu kwa maneno hayo. Nipeni maji.

Sasa zito. Yule fundi saa wa kona ya soko, ambaye tangu mpate akili niliwakataza kumsalimia, mnamjua ni ndugu yangu wa tumbo moja. Baba yetu alipofariki, yeye alikuwa na miaka tisa, nikamlea mimi, nikamfundisha kupachika vito kwenye meza hiyo hiyo, na kwa jinsi alivyosukuma kucha za pete, vile vimeno vinavyolishika jiwe, polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni ya mdomo, watu wakamwita Taratibu. Hakuwahi kuvunja jiwe hata moja. Mimi nachagua, yeye anapachika, na jioni tunagombania mto mmoja wenye pamba nzuri. Hivyo tu ndivyo tulivyogombana miaka kumi na sita.

Nyinyi mnajua hadithi nyingine. Mnajua kwamba nilimpa jiwe jeupe, jeupe kabisa, la pete ya binti wa mtu mkubwa, naye akanirudishia pete yenye jiwe la manjano. Ni kweli niliona manjano. Niliishika pete pale dirishani, damu ikanipanda, nikasema, hili si lile. Akacheka kwanza, masikini, alidhani natania. Akasema, kaka, ni lile lile, litoe ulipime, uzito uliuandika mwenyewe. Na mimi, wanangu, mbele ya tajiri na mbele ya mafundi wawili waliokuwa wamekuja kuazima tupa, nikasema neno ambalo bado lina uchungu kinywani: jicho langu halihitaji mizani. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kwenye kazi yetu mtu akishasemwa kwamba amebadili jiwe, amekwisha, hata kufagia duka hawampi. Aliondoka na begi la nguo na kibano kimoja, akaenda kutengeneza saa za watu ambao hawakumjua. Pete nikainunua mimi kwa mshahara wangu ili jina la tajiri lisichafuke, wakanisifu kwa hilo, na pete ikakaa kwenye kopo chini ya kitanda, nanyi mkakua mkiiita pete ya mwizi.

Hapakuwa na mwizi. Palikuwa na pazia.

Wiki ile ile, kati ya siku niliyolipitisha jiwe na siku niliyoletewa pete, mama yenu, ambaye alikuwa na mimba ya huyu mkubwa, alinihurumia macho kwa mng'ao wa ukuta wa nyumba ya jirani, akanunua kitambaa cha manjano, akashona pazia kwa mkono wake, akalitundika. Nilimshukuru. Nikaketi nyuma yake kufanya kazi, mimi ninayewafokea watu kwa kuvaa shati jekundu. Mawe yote niliyopokea miezi ile niliyaandika vibaya, na tajiri akanisifu kwamba nimezidi ukali. Kisha wewe ukazaliwa, mama yako akalishusha pazia alikate mbeleko, mwanga ukaingia kama ulivyokuwa unaingia zamani, na mimi nilikuwa nimelifungua kopo nilitazame lile jiwe kwa hasira, kama nilivyozoea kila wiki, nikaona jeupe. Jeupe, wanangu. Nikazilegeza kucha, nikaliweka kwenye mizani. Halikuzidi, halikupungua hata unyoya. Nyuma yangu wewe ulikuwa unalia, unafungwa mgongoni kwa kitambaa cha manjano.

Mtauliza kwa nini sikwenda kwake siku ile ile. Nilivaa viatu. Nilifika mpaka kona ya soko, nikamwona ameinama juu ya saa ya mtu, ulimi pembeni ya mdomo, nikarudi. Nilijiambia kesho. Nilijiambia Jicho akijulikana kadanganywa na pazia, nani atamletea jiwe tena, na nina mtoto mchanga ndani. Hiyo ilikuwa sababu ya mwaka wa kwanza. Sababu ya mwaka wa pili ni kwamba wa kwanza ulikuwa umepita. Baada ya hapo sikuwa na sababu tena, nilikuwa na mazoea. Mama yetu alipokuwa anakata roho aliuliza mara tatu, mmekula pamoja? Nikamjibu, ndiyo, mama. Tulimzika, yeye upande ule wa kaburi, mimi upande huu, naye akaniangalia mara moja tu, si kwa chuki, kama mtu anayengoja. Miaka thelathini na nne amengoja. Mama yenu alikufa bila kujua, na hilo ni jema pekee nililofanya katika jambo hili, kwa sababu angelia kwa ajili ya pazia lake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi kimeshaniumbua. Nimechoka, si kwa ugonjwa. Ugonjwa ni wa juzi.

Ngojeni. Ngojeni nipumue.

Nasikia viatu nje. Msigeuke. Kama ni yeye, atasimama kizingitini hapo, ana haki ya kusimama. Binti yangu, vuta kopo. Pete ni hiyo, haina jiwe, na jiwe limo kwenye karatasi yake, uzito juu yake kwa mwandiko wangu. Sikuweza kulirudisha kwenye pete. Mpachikaji nilikuwa nimemfukuza. Kunja karatasi nyeupe, lilaze kifudifudi, litazame ubavuni. Usiharakishe. Huyu hapa ni baba yako anakufa, lakini usiharakishe. Sasa sema, ni rangi gani?

Nyeupe. Mimi nimekusikia, binti yangu, lakini sikuulizi kwa ajili yangu. Rudia, sauti ifike mlangoni.

Nyeupe.

Sasa imefika mlangoni. Lete karibu na uso wangu. Zaidi. Hamjui, wanangu, lakini macho haya yameingia ukungu mwaka wa tatu sasa, na kila kitu nakiona kama kimechovywa kwenye chai, shuka hii, mikono yenu, hata hayo mashati. Na jiwe hili, Mungu ananiona, hata sasa hivi naliona manjano. Kwa hiyo mtakapokwenda mtaa wa masonara, na mtakwenda, duka kwa duka, wote watatu, msiseme Jicho kabla ya kufa alikiri kwamba jiwe ni jeupe. Semeni Taratibu alisema siku ile ile, naye alikuwa mkweli, na Jicho alikuwa na mizani kwenye meza, mkono wake ungeifikia bila kunyanyuka kitini. Kibao chenye jina langu mkishushe. Pete na jiwe ni vyake, akitaka avipachike, akitaka avitupe kwenye mtaro. Chumba cha nyuma ni chake, kilikuwa chake. Na mto upo, ule wenye pamba nzuri, tangu aondoke sijaulalia.

Binti yangu, siku utakayokuwa na uhakika kabisa, siku hiyo pima. Nyinyi watatu, mkikosana, msilale... msilale na neno. Mungu awape macho, na awape mtu wa kuwabishia, na masikio ya kumsikia. Radhi yangu mnayo yote, sijabakiza.

Nani amenishika mkono? Si wewe mkubwa, wewe una mikono ya ofisini. Hapa kwenye kidole gumba pana sugu... ya kusukumia kucha. Haiondoki, eh? Saa zote ulizotengeneza, na haiondoki. Usiseme kitu, mdogo wangu. Keti. Mpeni kiti changu, kile cha mezani.

Amekaa? Haya. Niliwakataza kumsalimia. Sasa msalimieni, mmoja mmoja... shikamoo, baba mdogo... mkubwa, anza wewe. Kwa sauti. Nataka nisikie.