Daigo, Aliyefundishwa Kuinamia Sahani

Marehemu Daigo hakugusa chakula kabla ya kukutanisha viganja na kuinamisha kichwa, kama tunavyofanya sisi watu wa nchi hii mezani kushukuru chakula. Kanuni hiyo hakuichagua. Tulimfundisha.

Alizaliwa tarehe 9 Mei 1984 katika bustani ya wanyama ya Kitamori. Mama yake alikosa maziwa, hivyo Daigo akalelewa nyumbani kwa mtunzaji, Bwana Kuramochi, na mkewe, Mama Fusae. Ilikubaliwa kwamba akishaacha chupa atarudishwa kwa gorila wenzake.

Shule yake ilikuwa sebule ile. Alivaa kofia ya manjano, kama wavaayo watoto wetu wa darasa la kwanza, na akisahau kuinama, Mama Fusae alishikilia sahani kimya mpaka akumbuke. Alipotimiza miaka miwili, akiwa ameshaacha chupa, Mama Fusae alimwomba tena mkurugenzi wa bustani amrudishe kwa wenzake.

"Bado kidogo, mama. Watu wanapanga foleni kumwona akishukuru viazi."

"Mwaka jana pia ulisema kidogo."

"Basi nenda wewe langoni ukawaambie watoto warudi kwao!"

Hiyo "kidogo" ikawa miaka mitatu zaidi. Katika miaka hiyo mama yake mzazi akafa bila kumwona tena. Kazi ya Daigo ikawa hiyo moja: ainame, tupige makofi.

Mwaka 1998 alipelekwa mji mwingine kuoa, kwa sababu gorila wa nchi hii walikuwa wanakwisha. Kwa gorila, dume anayeinamisha kichwa mbele ya chakula amejisalimisha. Majike watatu walimpokonya viazi vitamu, na mkubwa wao akamng'ata bega.

"Kula basi, bwana harusi!" watunzaji wa kule walimtania. "Umekuja kuoa au kunywa chai?"

Yeye alikwenda kuketi kwenye mlango wa watunzaji, akingoja watu. Baada ya miezi saba alirudishwa kwetu, akaishi peke yake.

Alianza kuugua moyo mwaka 2017. Alifariki tarehe 2 Novemba 2019, Mama Fusae akiwa amemshika kidole kupitia wavu.

Leo meza hii ya kumuaga imejaa maua na matunda, na kadi nyingi zinasema alikuwa na adabu kuliko binadamu. Tusiseme hivyo. Adabu ile ilikuwa burudani yetu, na kila aliyepiga makofi ana sehemu yake.

Ameacha Bwana Kuramochi na Mama Fusae. Apumzike mahali pasipo na mtazamaji. Hakuacha mke wala mtoto, na hapa Kitamori hakuna tena gorila.